Nyaraka za Martin Luther King: nani anazimiliki, nani anazisoma, na mwanahistoria anafanya nini hapo katikati

Julai 2025 serikali ya Marekani iliweka hadharani kurasa zaidi ya 230,000 zinazomhusu Martin Luther King Jr. Siku haikupita, kwenye makundi ya WhatsApp yakaanza kuzunguka maneno "Siri za King zafichuliwa." Katika kundi moja nililomo, mtu akauliza kama sasa hatimaye tutaujua ukweli. Wa pili akamjibu kwamba nyaraka za King zilishachapwa kitambo, ni vitabu vinavyouzwa. Wa tatu akakataa katakata: familia ndiyo inayozimiliki na hairuhusu mtu kuzigusa bila kulipa. Wa nne akatuma nukuu nzuri sana ya King, ambayo King hakuisema.

Huyo wa nne nitamrudia. Wale wawili waliojibu walikuwa na hoja, kila mmoja kwa upande wake, ila hawakuwa wakizungumzia kitu kimoja. Tukisema "nyaraka za King" tunachanganya marundo matatu ambayo hata hayalali chini ya paa moja.

Rundo la kwanza ni karatasi zake mwenyewe: barua alizoandika na alizoandikiwa, rasimu za hotuba, mahubiri, kazi za chuoni. La pili ni majalada yaliyoandikwa juu yake na watu waliotumwa kumchunguza, hasa shirika la upelelezi la FBI. La tatu ni vitabu vilivyotokana na rundo la kwanza baada ya wanahistoria kukaa nalo miaka na miaka. Chukua mfano wa mzee wa mtaani kwenu. Sanduku lililo chini ya kitanda chake ni kitu kimoja, faili lake kituo cha polisi ni kitu kingine, na kitabu alichoandikwa na mtu aliyelisoma sanduku ni kitu cha tatu. Kilichotolewa Julai kilikuwa cha aina ya pili, na sehemu kubwa yake ilihusu uchunguzi wa mauaji yake ya tarehe 4 Aprili 1968 mjini Memphis.

Tukimwita King kiongozi wa haki za kiraia, tunamaanisha haki ambazo raia anazo kwa kuwa raia tu: kupiga kura, kukaa kiti chochote cha basi, kula hotelini, mtoto kusoma shule iliyo karibu na kwao. Katika majimbo ya kusini ya Marekani mtu mweusi alinyimwa haki hizo na sheria zenyewe. King aliingia katika mapambano hayo mwaka 1955 mjini Montgomery, akauawa akiwa na umri wa miaka 39. Ni miaka 13 tu ya kazi, lakini ya mhubiri na msomi aliyeandika karibu kila siku na kuhutubia kila alikokwenda. Karatasi zikawa nyingi kupita kiasi.

Barua ni ya nani?

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Ukiandikiwa barua, karatasi ni yako. Unaweza kuitunza, kuiuza, hata kuichoma. Maneno yaliyomo si yako, ni ya aliyeandika, na ukitaka kuyachapa kitabuni inabidi umwombe ruhusa. Hiyo ndiyo hakimiliki. Unaponunua kanga, kitambaa unakipeleka nyumbani. Ule mchoro kiwanda kingine hakiruhusiwi kuunakili ati kwa sababu wewe umeinunua.

Mfano bora upo katika historia ya King mwenyewe. Tarehe 28 Agosti 1963, alipomaliza kuhutubia umati wa watu wapatao 250,000 mjini Washington, kijana mmoja mchezaji wa mpira wa kikapu aliyekuwa amejitolea kulinda jukwaa alimwomba karatasi alizoshika. King akampa. Kijana huyo, George Raveling, baadaye akawa kocha mashuhuri, akazitunza karatasi zile kwa miaka mingi, akakataa kuziuza kwa mamilioni ya dola, na mwaka 2021 akazikabidhi Chuo Kikuu cha Villanova alikosoma. Kwa hiyo karatasi za hotuba inayojulikana kuliko zote katika karne ya ishirini hazikuwa za familia ya King. Lakini Raveling asingeweza kuichapa hotuba ile na kuiuza, hata angetaka. Isitoshe, yale maneno ya "nina ndoto" hayamo katika karatasi hizo. King aliyaongeza pale pale jukwaani, wakati mwimbaji Mahalia Jackson akimpigia kelele awaambie watu habari za ndoto.

Watu hudhani hotuba ikishasikiwa na dunia nzima inakuwa mali ya dunia nzima. Sivyo. Mwaka 1999 mahakama ya rufaa ya Marekani ilisema kwamba kuitamka hotuba mbele ya umma, hata ikirushwa redioni na kwenye televisheni, si sawa na kuitoa bure. Warithi wanashikilia hakimiliki ya hotuba hiyo hadi 2038. Ndiyo maana filamu ya mwaka 2014 kuhusu maandamano ya Selma ilibidi imtungie King hotuba mpya zinazofanana na zake, kwani haki za kutumia zile halisi zilikuwa zimeshauzwa kwa kampuni nyingine. Kuna wanaowalaumu watoto wake kwa tamaa. Mimi nasita kidogo, kwa sababu aliyeanza si wao. King mwenyewe, mwaka uleule wa 1963, alikwenda mahakamani kuzuia kampuni zilizokuwa zikiuza rekodi za hotuba yake bila idhini, na akashinda.

Karatasi nazo zina hadithi yake, inayofanana sana na kesi za mirathi tunazozijua. Nyumba ya King ilikuwa imelipuliwa kwa bomu mwaka 1956. Kusini hapakuwa mahali pa kuweka kitu cha thamani. Mwaka 1964 akakabidhi karatasi zaidi ya 80,000 kwa Chuo Kikuu cha Boston, alikopata shahada yake ya uzamivu. Baada ya kifo chake mjane wake, Coretta Scott King, alianzisha kituo cha kumbukumbu mjini Atlanta na kukusanya karatasi zilizobaki. Akataka na zile za Boston zirudi nyumbani. Mwaka 1987 akaishtaki chuo, na mwaka 1993 akashindwa, kwa sababu ya barua ya mumewe mwenyewe iliyosema kwamba akifa, vitu hivyo viwe mali ya chuo. Rufaa nayo ikagonga mwamba mwaka 1995. Kisha mwaka 2006, baada ya Coretta kufariki, familia ikaamua kuuza karatasi zipatazo 10,000 kwa mnada. Siku chache kabla ya mnada viongozi wa Atlanta wakachangishana ahadi za dola milioni 32, wakazinunua zote kwa ajili ya Chuo cha Morehouse, alikohitimu King mwaka 1948.

Hesabu mwenyewe: Boston, Atlanta kwenye kituo, Atlanta tena Morehouse, Villanova, na maelfu ya barua kwenye masanduku ya watu aliowaandikia kote duniani. Anayetaka kumjua King kwa karatasi zake angehitaji nauli kubwa.

Simu ya mwaka 1985

Kabla ya kesi hiyo, mwaka 1985, Coretta alimpigia simu mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Stanford, California, akamwomba azikusanye karatasi hizo zote, azihariri na kuzichapa. Mtu huyo ni Clayborne Carson, na uteuzi wake ulishangaza watu, kuanzia yeye mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1944, akakulia Los Alamos, jimbo la New Mexico, mji wenye watu weusi wa kuhesabu. Akiwa na miaka 19 alisafiri hadi Washington na kumsikiliza King siku ile ya Agosti. Lakini moyo wake haukuwa kwa King. Ulikuwa kwa vijana wa SNCC, wale wanafunzi waliolala vijijini Mississippi wakiandikisha wapigakura, na waliomwona King kama mkubwa anayeshuka na ndege, anahutubia, anaondoka. Kitabu cha kwanza cha Carson, kilichotoka mwaka 1981, kilikuwa juu yao.

Alisita, kisha akakubali. Akaongoza kazi hiyo kwa miaka 35, hadi 2020.

Tukisikia mtu "amehifadhi urithi" wa kiongozi, tunamfikiria kama mlinzi wa kaburi: anafuta vumbi, anafukuza wanaosema vibaya, anaandaa kumbukumbu kila mwaka. Kazi ya Carson haikuwa hiyo. Mwenye kulelewa karibu na madrasa ataielewa upesi nikisema inafanana na kazi ya wanazuoni wa hadithi wanaokagua isnadi. Hawaulizi kwanza kama maneno ni mazuri. Wanauliza nani aliyapokea kutoka kwa nani, alikuwepo, na tunajuaje. Maneno matamu yasiyo na mnyororo hayapiti.

Chukua hubiri lililoandikwa kwa mkono, halina tarehe, limefutwa-futwa. Mhariri anaanza kwa kusoma mwandiko, neno kwa neno, akiacha makosa ya mwandishi jinsi yalivyo. Anatafuta tarehe kwa dalili: tukio lililotajwa, anwani iliyochapwa juu ya karatasi, tangazo la ibada katika gazeti la wiki ile. Anawatafuta watu wote waliotajwa. Anatafuta vitabu ambavyo King alikuwa akivisoma alipoandika. Anayoyapata anayaweka kwenye tanbihi, na mara nyingine tanbihi za barua huwa ndefu kuliko barua. Haya yote kwa karatasi moja. Tena vitabu havichapi kila kitu. Vinachagua, na kuchagua nako ni uamuzi unaohitaji kutetewa.

Sasa utaelewa kwa nini mradi uliopangiwa juzuu 14 unakwenda kwa mwendo wa kobe. Juzuu ya kwanza ilitoka 1992. Ya saba ilitoka 2014, na inaishia Agosti 1962, mwaka mzima kabla ya hotuba ya Washington. Mradi wenyewe nao ulipangua mpangilio wake njiani. Mwaka 1997 Coretta alimwonyesha Carson boksi lililokuwa chini kabisa ya nyumba ya familia, na ndani yake mlikuwa na majalada ya mahubiri ambayo King alikuwa akiyafanyia kazi tangu ujana wake. Watafiti hawakujua kama yapo. Ilibidi juzuu nzima, ya sita, itengwe kwa ajili yake, ikatoka 2007. Humo King wa siasa anapungua na mchungaji anaonekana vizuri zaidi. Hata mwenyewe alipenda kusema kwamba yeye ni mhubiri kwanza.

Jambo ambalo mlinzi wa kaburi angelifukia

Mwishoni mwa miaka ya 1980 wasaidizi wa Carson walikuwa wakifanya kazi hiyohiyo ya tanbihi kwenye tasnifu ya uzamivu ya King, ya mwaka 1955, iliyolinganisha mawazo ya wanateolojia wawili, Paul Tillich na Henry Nelson Wieman. Walitaka tu kuonyesha kila wazo limetoka wapi. Wakaanza kukuta aya ambazo hazikuwa za King. Nyingine zilitoka kwa Tillich na Wieman wenyewe bila alama za kunukuu. Nyingine zilitoka kwenye tasnifu ya mwanafunzi mwingine, Jack Boozer, aliyehitimu chuo hichohicho cha Boston miaka mitatu kabla, chini ya msimamizi yuleyule. Walipozirudia kazi zake za awali za chuoni, wakakuta tabia hiyohiyo.

Jiweke mahali pa Carson. Mjane amekuamini. Sikukuu ya taifa ya kumkumbuka King imeanza kuadhimishwa mwaka 1986 tu, na waliokuwa wakiipinga bado wapo. Mkononi una ushahidi kwamba shujaa alinakili. Ungefanyaje?

Carson hakuufukia, lakini pia hakukimbilia kuutangaza. Alitaka watu wake wamalize kukagua kila mstari kwanza, na hilo lilichukua muda mrefu kiasi kwamba gazeti lilimtangulia: Novemba 1990 habari ilitoka katika ukurasa wa mbele wa Wall Street Journal. Akalaumiwa na pande mbili, na wanaosema alificha na wanaosema amemchafua marehemu. Kwangu, ucheleweshaji ule ni kosa dogo linaloeleweka. Angetangaza nusu ya uchunguzi, nusu ya pili ingejazwa na uvumi. Chuo Kikuu cha Boston kiliunda kamati, ambayo mwaka 1991 ilithibitisha kwamba King alitumia maandishi ya wengine bila kuwataja. Haikupendekeza anyang'anywe shahada, ila barua ya kueleza matokeo iliambatishwa kwenye nakala ya tasnifu iliyoko maktaba. Na Carson akachapa tasnifu yote katika juzuu ya pili, mwaka 1994, na chini yake tanbihi zikionyesha ni wapi palinakiliwa na kutoka wapi.

Uvumi mmoja ulizaliwa hapo na haujafa, kwamba hata hotuba zake aliziiba. Hayo ni mambo mawili tofauti. Katika mahubiri ya Wabaptisti weusi, mhubiri kuchukua maneno ya mwenzake, ya Biblia au ya wimbo na kuyapa pumzi mpya ni desturi, kama malenga anavyojibu shairi kwa kuanza na mshororo wa mwenzake na hakuna anayemwita mwizi. Tasnifu ya uzamivu ina kanuni zake, na King alizijua. Kwenye mimbari alirithi. Kwenye tasnifu alinakili.

Faili la polisi si wasifu

Turudi kwenye kurasa za Julai. Oktoba 1963 mwanasheria mkuu wa Marekani, Robert Kennedy, aliidhinisha FBI kunasa simu za King, kwa hoja kwamba mshauri wake mmoja alikuwa na uhusiano na wakomunisti. Kutoka simu wakaingia kwenye vyumba vya hoteli na vinasa sauti. Novemba 1964 mkuu wa shirika, J. Edgar Hoover, alimwita King hadharani mwongo mkubwa kuliko wote nchini, na mwezi huohuo watu wa FBI wakamtumia kanda ya sauti pamoja na barua isiyo na jina, iliyodokeza kwamba kilichobaki kwake ni kujiua. Aliyeifungua bahasha ile alikuwa mkewe.

Faili la aina hii ni ushahidi, na ni ushahidi mzuri sana, wa FBI yenyewe: ilimwogopa nani, ilimlipa nani, ilitaka nini kitokee. Kuhusu King linahitaji tahadhari, maana aliyeandika ripoti alikuwa na bosi wa kumfurahisha. Afrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza, ikiwa imeshtakiwa na wazee wa Mau Mau, ilikiri kuwa na majalada ya ukoloni yaliyofichwa Hanslope Park. Yalisaidia wazee kupata fidia kwa sababu yalionyesha wakubwa wa kikoloni walijua nini kuhusu mateso. Hakuna aliyeyasoma ili ajue kama Wakikuyu waliokuwa kizuizini walikuwa watu wema.

Na kama mtu amekwambia kwamba kanda zenyewe zilitolewa Julai, hapana. Mwaka 1977 mahakama iliamuru kanda na maandishi yaliyotokana nazo yafungiwe kwa miaka 50 katika hifadhi ya nyaraka ya taifa. Mwisho wa amri hiyo ni 2027. Zogo kubwa bado liko mbele.

Sasa yule wa nne na nukuu yake. Nukuu za aina hiyo huzaliwa hivi. Mei 2011, Osama bin Laden alipouawa, ilienea sentensi iliyodaiwa kuwa ya King juu ya kuomboleza maelfu ya roho lakini kutofurahia kifo cha hata adui mmoja. Mtu wa kawaida aliandika maneno yake, kisha akanukuu King baada yake. Waliosambaza wakazifuta alama za kunukuu. Walioigundua hawakuhitaji uchawi, walitafuta tu hotuba gani ina maneno hayo, wakakosa. Mwaka huohuo ilizinduliwa sanamu ya King mjini Washington, iliyochongwa ubavuni kwamba alikuwa kiongozi wa bendi wa haki, amani na uadilifu, yule anayetangulia mbele na fimbo. Katika hubiri lake la Februari 1968 King alikuwa akiwaonya watu dhidi ya tamaa ya kutangulia mbele, ndipo akasema: kama mnataka kusema nilikuwa kiongozi wa bendi, semeni nilikuwa wa haki. Wachongaji waliondoa "kama", na mnyenyekevu akageuka mwenye majivuno. Mwaka 2013 maandishi hayo yakakwanguliwa jiweni.

Katika juzuu ya tano ya mradi wa Carson kuna jina ambalo msomaji wa huku halihitaji tanbihi: Tom Mboya. Mei 1959 King na wenzake walimwandalia chakula cha jioni mjini Atlanta, na King akawaambia waliohudhuria kwamba ukoloni na ubaguzi wa Kusini ni ndugu. Julai wakaandikiana kuhusu mwanafunzi wa Kikenya wa kusaidiwa kusoma Tuskegee. Zama hizo aliyetuma alibaki na nakala ya kaboni na aliyepokea akabaki na barua halisi, kwa hiyo mazungumzo ya watu wawili hukaa nusu kwa mmoja na nusu kwa mwingine. Mboya aliuawa Nairobi Julai 1969, miezi 15 baada ya King. Karatasi zake ziko Taasisi ya Hoover (Hoover mwingine, si yule wa FBI), ndani ya Stanford, chuo kilekile cha Carson. Kutoka nusu ya Mboya hadi ulipo mradi wa kuchapa nyaraka za King ni mwendo wa miguu. Anayetoka Nairobi atalipa nauli ya kufika California, ingawa barua ile ya Julai anaweza kuisoma bure kwenye simu, na tanbihi zake zote.